Sindano Chini ya Samaki

Mama Perez mpendwa,

Nisaidie kabla sijarusha sufuria dirishani. Nasoma ukurasa wako kila Jumapili na nimeona ukiwasaidia wanaume walioachwa na wanawake waliopigwa, lakini sijaona hata mmoja mwenye shida kama yangu, yaani mtu aliyepewa dawa, dawa ikamfaa, halafu nyumba nzima na ploti nzima wakaikalia kikao dawa hiyo, kila mtu akasema lake isipokuwa mgonjwa. Majina nimeyabadilisha, lakini hasira ni yangu mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Port Victoria, nikaolewa Kisumu na Mjaluo nitakayemwita Walter, tunapanga nyumba Migosi na watoto wetu, na kazi yangu ni samaki. Nachukua mbuta na ngege ufuoni, napasua, natoa minofu, nauzia hoteli na watu wa majumbani, na tangu Wazungu walipokataa kununua samaki wetu mwaka huu bei imeanguka, kwa hiyo nanunua wengi wakati mmoja na kuwagandisha kwenye friza yangu kubwa iliyo kibandani kando ya barabara. Friza hiyo niliinunua kwa jasho langu na ufunguo wake nalala nao. Nakueleza hayo ili ujue kwamba mikono yangu ndiyo duka langu, maana bila mikono hakuna minofu, na bila minofu hata huyo Walter angekula mboga kavu.

Sasa miaka mitatu iliyopita mikono hiyo ilianza kunikataa. Nilikuwa naamka vidole vimevimba kama ndizi za kisukari, havikunjiki, havifunguki, mpaka jua lipande ndipo vilegee kidogo, nikashindwa kukamua nguo, nikashindwa kushika kisu, nikawa nawapa wanawake wengine samaki wangu wanipasulie huku nimekaa kando nikiona aibu. Nilipakwa mafuta ya kila mnyama unayemjua. Nilikunywa mizizi. Nilimeza vidonge mpaka tumbo likachubuka. Hatimaye daktari mmoja wa viungo anayekuja mjini mara moja kwa mwezi akaniambia hii ni baridi yabisi, lakini si ile ya wazee, ni ile ambayo mwili wenyewe unajigeukia na kujipiga, na akasema kuna dawa mpya ya sindano inayojaribiwa, inauzuia mwili usijipige, na kama nikikubali wataniingiza kwenye mpango wao, nitapimwa damu na kifua kwanza, na nitafundishwa kujidunga mwenyewe nyumbani mara mbili kwa juma.

Kujidunga mwenyewe, Mama Perez! Mimi ninayepasua mbuta mzito kuliko mtoto wangu wa mwisho, niliikodolea macho ile sindano ndogo mpaka Sista, muuguzi wa kliniki, akaniuliza kama nimelala. Wenzangu walifundishwa kwa chungwa. Mimi nikaenda kibandani nikafanya mazoezi kwa tumbo la ngege mpaka mkono ukazoea, na siku ya kwanza nilipojidunga kwenye paja nilifumba macho na kumtukana Walter, ambaye hakuwa hata karibu.

Dawa yenyewe ni vichupa vidogo na lazima ikae mahali pa baridi. Nyumbani kwangu sina friji, nina friza tu kule kibandani, na ndipo akaingia huyu mama nitakayemwita Lata. Ni Mhindi, mume wake ana duka la misumari na mabati, naye ana ugonjwa huu huu, tulijuana kwenye benchi la kliniki tukilinganisha nani ana vidole vibaya zaidi. Akaniambia, "Mama, wewe leta dawa yako kwangu. Friji yangu kubwa, hapana jaa." Nikakubali. Mambo yote ya baridi nikamwachia yeye, maana friji ni yake, na Sista alipokuwa akituelekeza jinsi ya kutunza vichupa mimi nilikuwa nawaza samaki wangu kibandani. Ikawa mara mbili kwa juma naenda kwake asubuhi, tunakaa jikoni, anajidunga, najidunga, tunakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi, narudi kazini.

Na dawa ikafanya kazi. Asubuhi moja nilimfunga mtoto wangu vifungo vya shati la shule, vyote, mpaka cha shingoni, akatoka mbio, na ni baada ya yeye kutoka ndipo nilipogundua nilichofanya, nikakaa kitandani nikalia kwa furaha kama mtu aliyefiwa. Nikarudi kushika kisu changu. Wateja wakaanza kusema minofu yangu imenyooka tena.

Basi ungedhani watu wataniacha. Hapana. Mama mkwe wangu, Mama Dorca, akaja kutoka kijijini kusalimia wajukuu, na salamu hizo hazijaisha mpaka leo. Ananiita nyar Port, binti wa Port, na mwanzo aliniita hivyo kwa upendo. Akaanza kuuliza, nyar Port anaenda kufanya nini kwa Wahindi asubuhi na kurudi mikono mitupu? Sikumwambia. Mama Perez, wewe unajua watu wetu wakisikia sindano siku hizi wanafikiri nini. Nilisema naenda kupokea oda ya samaki, na huo ulikuwa uongo wa kipumbavu kwa sababu nyumba ya Lata ni watu wa mboga tu, haijawahi kuingia hata dagaa.

Halafu Lata naye akanikosea. Siku moja nilitoka ufuoni moja kwa moja, sijapita nyumbani, nikaingia jikoni kwake na kufungua friji, naye akasema, "Mama, osha mkono na sabuni kwanza, bas, halafu fungua." Mbele ya msichana wake wa kazi! Nikamwambia kama mikono yangu inanuka basi niambie mikono yangu inanuka. Akasema, "Hapana kasirika, ile friji ya chakula." Nikachukua vichupa vyangu vyote, nikaviweka kwenye kikapu, nikamwambia mimi nina friza kubwa kuliko friji yake, na yangu nimeinunua mwenyewe, si mume. Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake.

Dawa nikaipeleka kibandani. Nikaifunga pamoja na mabomba ya sindano kwenye karatasi ya nailoni, nikaisukuma chini kabisa, chini ya mbuta wakubwa, ambako ni baridi kuliko kote na ambako hakuna mtu wa kupekua. Siku ya sindano naitoa mapema, naiweka kifuani ndani ya sidiria iyeyuke huku nikiendelea na wateja, kisha naenda nyuma ya kibanda najidunga. Nilidhani nimewashinda wote.

Lakini haikupita muda vidole vikaanza tena. Kwanza asubuhi tu, halafu mpaka saa sita, sasa ni siku nzima. Najidunga kama kawaida, na ukweli najidunga kwa imani zaidi kuliko mwanzo, ingawa siku hizi ikiyeyuka inakuwa na vipande vidogo vyeupe ndani, lakini ni kama kumwaga maji mchangani. Nimeshindwa kisu tena. Na mezani imekuwa vita. Wewe unajua kwetu tunakula wanawake pamoja sahani moja, na mimi siwezi kumega ugali wala kuufinyanga, kwa hiyo nimeanza kula na kijiko, na Mama Dorca akaweka mkono wake chini akaniambia, "Nyar Port, siku hizi unakula na kijiko kama mzungu? Chakula yangu imekuwa chafu?" Nikaendelea na kijiko changu. Ningemwambia mikono imerudi kuwa mibaya, angeuliza kwani ilipona lini, na ilipona na nini.

Juma lililopita akaja kibandani bila kuniambia, eti anisaidie kutoa samaki kwa sababu ameona mikono imenishinda. Kabla sijasema kitu ameinama ndani ya friza, anatoa mbuta mmoja mmoja, na akaibuka na ile nailoni yangu imeganda kama jiwe. Akaifungua mbele ya wateja. Akavitazama vichupa, akatazama mabomba ya sindano, akanitazama mimi. "Nyar Port," akasema, "hii nayo ni samaki gani?"

Wateja walicheka. Yeye hakucheka. Alivirudisha mwenyewe, akafunika friza, akaketi kwenye ndoo. Nyumbani akamwambia Walter mbele yangu, "Gordon alianza hivi hivi. Leo hospitali, kesho sindano, kesho kutwa bibi yake. Mimi nimechoka kuzika." Gordon ni kaka yake Walter, alikufa, na mkewe akamfuata. Nikasema hii si ule ugonjwa, hii ni baridi yabisi. Akasema, "Baridi imekuingia kwa barafu ya samaki, halafu dawa nayo inatoka kwa barafu ya samaki? Unanidanganya kama mtoto?" Na Walter, Mama Perez, ni mwanaume mzuri, lakini akiona mimi na mama yake tunavutana anakumbuka kwamba kuna mtu anamngoja mahali. Alisimama, akavaa koti, akasema, "Nyinyi wanawake elewaneni," akatoka.

Sasa mama amepanga kwamba shule zikifungwa atanipeleka Nyamasaria kwa mwanamke mmoja anayechanja watu kwa wembe kwenye viungo na kupaka dawa ya unga, anasema amewaponya wengi. Na baada ya hapo ndipo daktari wa viungo anakuja, naye atataka kujua dawa inaendeleaje. Nimeshaamua nitamwambia inaendelea vizuri, maana nikisema imeshindwa wataniondoa kwenye mpango, na nikiondolewa sina kitu kingine.

Kwa hiyo naomba uniambie: nikubali kuchanjwa ili nyumba itulie, kwa kuwa dawa yenyewe imeshaishiwa nguvu? Au niendelee kujidunga kwa siri na kusemwa? Nimechoka na mama mkwe, nimechoka na Lata, nimechoka na Walter na koti lake, na zaidi ya yote nimechoka na mikono hii. Usinipe maneno ya subira. Subira ninayo friza nzima.

Ni mimi,
Mwenye Mikono Mizito, Migosi


MAMA PEREZ ANAJIBU

Binti wa Port,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakuhurumia. Niliisoma mara ya pili nikavua miwani na kuiweka mezani, kwa sababu nilitaka kupiga kitu na sikutaka iwe miwani.

Umenijazia kurasa kuhusu mama mkwe, kuhusu sabuni ya Lata, kuhusu koti la Walter, na umeniuliza kama uchanjwe au usichanjwe. Jambo lenyewe umelipita katikati ya barua kama mtu anayepita kituo cha polisi, umelisema kwa maneno machache tena kwa majivuno: umeichukua dawa ya daktari ukaigandisha. Ukaiyeyusha kwenye sidiria. Ukaona ina vipande vyeupe. Ukajidunga!

Mama, hiyo dawa haikuishiwa nguvu. Umeiua wewe.

Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, kwa hiyo nilimpigia simu mfamasia ninayemwamini nikamsomea kipande hicho cha barua yako. Akasema dawa za aina hiyo zinataka ubaridi wa friji, ule wa kuweka maziwa na nyanya, na zikishaganda hata mara moja zimeharibika, hazitengenezeki tena, hata zikiyeyuka na kuonekana safi. Vipande vyeupe ndiyo dawa yenyewe iliyokatika, kama maziwa yanavyokatika kwenye sufuria. Nikamuuliza, mtu anawezaje kufanya kosa kama hilo? Akacheka akasema muulize anafanya kazi gani.

Na hapo ndipo nilipokuelewa, hata kama sijakusamehe. Wewe ni mtu wa samaki. Maisha yako yote umefundishwa kwamba baridi haizidi, kwamba samaki wa juu ndiye anayeoza na wa chini kabisa ndiye aliye salama. Ukaambiwa dawa inataka baridi, ukaipa baridi yote uliyo nayo, tena ukaifunika na mbuta wakubwa kama malkia. Ulifanya kazi yako vizuri sana. Shida ni kwamba haikuwa kazi ya samaki. Na Sista alieleza, wewe mwenyewe umekiri alieleza, ila ulikuwa unawaza kibanda.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanze kesho, si shule zikifungwa. Usijidunge tena hata tone moja la vichupa hivyo. Usivitupe pia, wala usimpe mtu. Vitoe kwa samaki, vitie kwenye kikapu na mabomba uliyokwisha kutumia, uyafunge vizuri kwenye mkebe mgumu yasichome mtu, upeleke kliniki kwa Sista ukamwambie kila kitu, pamoja na sidiria. Ataguna. Mwache agune, huo ni mshahara wako. Umejidunga dawa iliyoharibika na anapaswa kukuangalia. Na kama una homa, au kikohozi kisichoisha, au kidonda kwenye paja, sema kabla hata hujaketi, maana hao watu walikupima kifua mwanzoni kwa sababu maalumu, hawakuwa wanatafuta kazi ya kufanya.

Daktari akija, huyo unayetaka kumdanganya, mwambie ukweli uleule. Naona umejiaminisha kwamba uongo utakulinda. Hebu fikiri. Ukimwambia inaendelea vizuri, atakupa vichupa vingine na kukutazama ukivipokea kwa vidole visivyoweza kushika. Daktari gani huyo hataona? Na hata asipoona, majibu yako yanawekwa pamoja na ya wenzako. Wewe ukisema imefaa nayo haikukufaa, au ukisema imeshindwa bila kutaja friza, kuna mwanamke mahali fulani, pengine Homa Bay, pengine Kakamega, ambaye atapewa au kunyimwa dawa hiyo kwa sababu ya maneno yako. Kwamba hawatakuondoa, mimi siwezi kukuhakikishia. Lakini mgonjwa aliyegandisha dawa anaweza kufundishwa, na mgonjwa mwongo hana faida kwa daktari yeyote. Nenda ukafundishwe, na safari hii usikilize.

Sasa Lata. Loo! Umekasirikia sabuni! Ulitoka ufuoni moja kwa moja, magamba kwenye vidole, ukafungua friji ya watu wasiokula hata yai, akakuomba unawe. Sista hakukuambia unawe kabla ya kushika sindano? Basi Lata alikuambia kitu kilekile, ila bila sare nyeupe. Mwanamke yule alikufungulia jikoni lake na kukaa nawe mkijichoma mapaja, na hilo hata dada wa tumbo moja angesitasita. Ukaacha friji yake kwa sababu ya kiburi, na kiburi hicho kimekugharimu vidole. Nenda kwake. Usipeleke samaki, tafadhali. Chukua papai au ndizi. Nawa mikono mlangoni kabla hajasema, umwombe radhi, kisha uombe pembe ya friji tena. Nina hakika chai iko pale pale.

Kuhusu Nyamasaria nitasema mara moja, kwa sauti kubwa, ili na wengine wanaosoma wasikie. Usichanjwe. Sisemi hivyo kwa kudharau mtu yeyote anayetibu watu, nimelelewa na dawa za miti na niko hapa. Nasema kuhusu wembe. Una sindano inayotoka kwenye karatasi mpya kila unapojidunga, haijamgusa mtu, na hiyo ndiyo inayoogopwa na nyumba nzima. Wembe uliopita kwenye viungo vya watu wengi kabla yako, huo hamuuogopi. Mama mkwe wako anaogopa ule ugonjwa uliomchukua Gordon na mkewe, na kwa hofu hiyo anataka kukupeleka mahali ambapo mtu anaweza kuupata. Na wewe uko kwenye dawa inayotuliza ulinzi wa mwili ili usijipige. Mtu wa namna hiyo hachanjwi nyuma ya nyumba ya mtu. Akitaka kupakwa kitu cha unga au kunywa mzizi, kwanza amuulize daktari wake.

Lakini Mama Dorca nataka tumzungumzie vizuri, kwa sababu hapo barua yako imenichoma kidogo na nikaacha kukasirika. Umemwandika kama mtu mwenye kukusumbua. Mimi namwona mama aliyeshika nailoni iliyoganda, wateja wakacheka, yeye akaketi kwenye ndoo. Amezika mtoto. Amezika mke wa mtoto. Amekuja kwako, akaona unatoka asubuhi na hutaki kusema uendako, akaona mikono inavimba, akaona unakula na kijiko usiguse sahani anayogusa yeye, kisha akakuta mabomba ya sindano chini ya samaki. Wewe ungefikiri nini? Angekuwa anakuchukia angekimbilia kwao na kuwachukua wajukuu. Yeye aliinama ndani ya friza kukutolea mbuta kwa sababu mikono yako imekushinda. Huyo mama hakuchukii, nyar Port. Anaogopa kukuzika, na wewe umemwacha na hofu hiyo peke yake kwa sababu uliona kunyamaza ni rahisi kuliko kueleza.

Mweleze. Mwambie leo, mkiwa wawili, bila watoto na bila Walter. Mwambie kijiko si kiburi, ni vidole. Mwonyeshe vidole, mpe avishike. Kisha siku ya kliniki mwende naye. Aketi kwenye lile benchi, aone wengine wenye mikono kama yako, aone Lata na vile vidole mlivyokuwa mkivilinganisha. Muombe daktari amweleze kwa mdomo wake huu ni ugonjwa gani na damu yako ilionyesha nini, kwa ruhusa yako. Sina uhakika ataamini siku hiyo hiyo. Watu waliozika hawaamini haraka. Lakini atakuwa amesikia kutoka kwa mtu asiyenuka barafu. Na ukipata dawa nzuri tena, mwite awe karibu unapojidunga. Sindano iliyofichwa inatisha zaidi kuliko iliyo mezani.

Na wewe Walter, najua unasoma, wanaume wote mnaosema ukurasa huu ni wa wanawake ndio mnaousoma wa kwanza. Vua hilo koti. Mama yako anadhani anampoteza mkwe kama alivyompoteza yule wa kwanza, na mke wako anapoteza mikono inayokulisha, na wewe una mtu anakungoja mahali? Mwambie akungoje zaidi. Siku ya kliniki wewe ndiye utakayefungua kibanda na kuuza samaki, na ukimpasua mbuta vibaya wateja wakucheke wewe.

Nimemaliza kukugombeza, binti wa Port. Maneno ya subira ulinikataza, sikukupa. Mikono yako ilirudi mara moja na dawa ile ilipokuwa hai, kwa hiyo kuna sababu ya kutumaini kwamba inaweza kurudi tena, ingawa sitakuapia. Ikirudi, usimtangazie mtu, wala usiniandikie mimi kwanza. Mkiketi kula, weka kijiko kando. Mega ugali kwa mkono wako, uufinyange, uchovye mchuzi kwenye sahani ile ile ya mama mkwe wako, ule, unyamaze. Ataona mwenyewe.